Daftari la Mwalimu Zuhura

Sehemu ya 4

ILIPOISHIA: Salma amemsafirisha mama yake, mwalimu mstaafu wa hesabu, kutoka Tanga hadi Dar es Salaam kutafuta maoni ya daktari wa pili. Yule wa kwanza alisema usahaulifu wa mama ni uzee, familia ikubali. Bingwa wa mishipa ya fahamu wa Upanga amemwaga mezani mfuko mzima wa dawa za mama, akapima damu na kukuta vitamini B12 imeshuka mno. Salma amewapigia ndugu wote simu: ni vitamini tu, sindano zipo. Lakini walipokuwa wakiaga, Dokta akawazuia. Akamtaka mama afumbe macho na kunyoosha mikono yote miwili mbele yake, viganja juu. Wa kushoto ukatulia. Wa kulia ukaanza kushuka wenyewe...

SASA ENDELEA

Ulishuka taratibu, mama bila habari. Kiganja kilichokuwa kikitazama dari kilianza kujipindua, vidole vikajikunja kidogo, kiwiko kikalegea. Mama mwenyewe alikuwa amefumba macho na kutabasamu, akiamini mikono yake yote miwili iko palepale alipoiweka.

"Fumbua macho, Mwalimu," Dokta akamwambia.

Mama akafumbua. Akauona mkono wake wa kulia umekaribia goti, akaunyanyua upesi na kuurudisha juu.

"Umechoka tu huu," akasema.

Dokta hakumjibu. Alinigeukia mimi.

"Mama aliangukia wapi?"

"Hajaanguka, Dokta."

"Una hakika?"

"Mdogo wangu Idrisa anaishi naye nyumba moja. Angeanguka, angetuambia."

Shangazi, ambaye tangu tufike Dar alikuwa na maelezo yake kuhusu ugonjwa huu, na yote yalianzia kwa jirani mmoja wa kule Ngamiani na kuishia kwa mtaalamu mmoja wa Muheza, safari hii alinyamaza.

"Lakini Dokta," nikasema, "si umetuambia ni vitamini?"

"Vitamini ni kweli, na sindano ya kwanza anachoma leo." Akavuta kiti, akakaa. Alikuwa mama wa makamo, miwani imening'inia kifuani kwa kamba, sauti yake haipandi wala haishuki. "Mwalimu anameza metformin ya sukari tangu 2013. Anameza na omeprazole ya kiungulia. Ile ya kwanza, ikitumika miaka mingi, inauzuia utumbo kufyonza B12. Ya pili inapunguza tindikali tumboni, na bila tindikali hiyo vitamini haitoki vizuri kwenye nyama na samaki. Ini lina akiba ya miaka kadhaa, kwa hiyo mtu haoni kitu mpaka akiba iishe, na akiba ikiisha hakuna anayekumbuka dawa. Ganzi ya nyayo, ulimi uliolainika, kuyumba akifumba macho, hivyo vyote ni vya B12. Nimeviona tangu juzi."

"Basi si ndiyo hiyo?"

"Upungufu wa vitamini hauchagui upande, binti yangu. Ukishika miguu, unashika yote miwili. Huu ni mkono mmoja. Na ile kandambili."

Tukageuka sote. Mlangoni, kizingitini kabisa, kandambili ya mama ya mguu wa kulia ilikuwa imebaki peke yake. Mama alikuwa ameingia na moja.

Kandambili ile nilikuwa nimeshaiokota ndani ya basi pale Segera, nikaiokota ngazi za kituo cha Magufuli, nikaiokota bafuni kwa shangazi Magomeni. Kila mara ya kulia. Shangazi alishamnunulia nyingine mpya, akidhani mikanda ya zile za zamani imelegea, na mpya nazo zikawa hivyohivyo.

"Juzi mikono yote miwili ilikuwa sawa," Dokta akasema, sasa akiongea nusu na mimi, nusu na faili lake. "Leo haiko sawa. Nyumbani kuna siku yuko vizuri kabisa na siku nyingine hajijui?"

"Ndivyo alivyo. Asubuhi anakuhesabia chenji ya sokoni bila kukosea, jioni anakuuliza wewe nani."

"Ilianza lini?"

"Mwaka huu."

"Mwezi?"

"Wa nne... au wa tatu mwishoni."

"Tarehe?"

Shangazi alishindwa kuvumilia. "Dokta, jamani, uzee nao una tarehe?"

"Ndiyo maana nauliza, mama. Uzee hauna. Wala ule ugonjwa wa Alzheimer hauna. Unanyemelea kwa miaka, na familia haiwezi kukutajia siku. Mkinipa wiki, mmenipa ugonjwa mwingine."

Nilijaribu. Nilipekua simu, nikaangalia ujumbe wangu na Idrisa, nikaangalia picha za Idi. Kwenye picha mama amekaa katikati ya wajukuu, ameshika sahani ya biriani, anacheka. Picha haisemi kitu. Idrisa kila ujumbe ni uleule: *Mama mzima, usiwe na wasi.*

Ni Dokta aliyeuona mkoba.

Mama hauachi mkoba ule. Ni wa ngozi bandia, mweusi, zipu imekufa, na alipanda nao basi akaukumbatia hadi Mbezi. Sisi tulishauzoea, hata hatuuoni tena.

"Mwalimu, humo mna nini?"

"Hesabu za watu," mama akajibu. Sauti yake ilibadilika, ikawa ile ya darasani. "Mimi ni katibu wa kikoba."

"Naweza kuona?"

"Huwezi. Mna madeni ya watu."

"Sitasoma majina. Nitasoma hesabu tu."

Mama alimtazama muda mrefu, kama anamsahihishia daftari. Kisha akafungua mkoba, akatoa kitabu kikubwa cha jalada gumu, akakiweka mezani na kuufunika upande wa majina kwa kiganja chake cha kushoto.

Dokta akavaa miwani. Nikasogea.

Ukurasa wa Januari ungeweza kuutundika ukutani. Mistari imechorwa kwa rula, safu ya hisa, safu ya mikopo, safu ya faini za wachelewaji. Mama hakuwa na tabia ya kufuta. Akikosea, anakata kwa mstari mmoja mnyoofu, anaandika jibu sahihi juu yake na kutia sahihi ndogo pembeni, na kwa Januari na Februari zote niliona mkato mmoja tu. Hisa moja shilingi 2,000. Hisa tatu, 6,000. Hisa tano, 10,000. Chini jumla, na chini ya jumla mistari miwili.

Kurasa za mwanzo wa Machi Dokta alizifunua harakaharaka. Jumamosi za Ramadhani, vivyo hivyo. Aprili 13, Jumamosi ya kwanza baada ya Idi, mwandiko umelala kidogo upande, lakini jumla iko sawa. Dokta aliikokotoa kwa kikokotoo cha simu.

Aprili 20: hisa nne, 6,000.

Hakuna mkato. Hakuna sahihi pembeni.

Dokta aliweka kidole pale, akafunua ukurasa. Aprili 27: mwanachama mmoja ameandikwa mara mbili, na jumla haipo. Mei 4: tarakimu zinaanza kwenye mstari na kuporomoka hadi ukingoni mwa karatasi, kubwa, zimetetemeka, nane moja haikufungwa. Mei 11 mwandiko ni wa mtu mwingine.

"Huyo ni msaidizi wangu," mama akasema. "Walisema nipumzike." Akakivuta kitabu chake na kukirudisha mkobani.

Mimi nilikuwa nimesoma hesabu kwa mama darasa la tano. Alinichapa kwa kuandika jumla bila mistari miwili. Nilitoka nje kidogo, nikasimama kwenye korido mpaka macho yakakauka, nikarudi.

"Sitiskani ya kichwa," Dokta alikuwa ameshaanza kuandika. "Leo."

"Kesho haiwezekani? Bima walisema lazima kibali..."

"Leo. Kibali nitawapigia mimi."

* * *

Yule daktari wa kwanza simlaumu kama shangazi anavyomlaumu. Hata Dokta wa Upanga alipoisoma karatasi yake alisema mwenzake aliandika alichokiona: mama wa miaka 64, asubuhi, amechangamka, hakumbuki alichokula jana. Tatizo langu na karatasi ile ni dogo tu. Hakuna swali hata moja lililoulizwa kwa mtu anayekaa naye. Hakuna damu iliyopimwa. Tezi ya shingo ikizorota, mtu husahau. Kaswende iliyofichama miaka, mtu husahau. Vidonge vya mafua vinavyolewesha, mama alikuwa akivimeza kila usiku apate usingizi, navyo humvuruga mtu mzima akili. Vyote hivyo Dokta alivipitia kimoja baada ya kingine siku ile ya kwanza. Kwenye karatasi ya Tanga palikuwa na neno moja, na chini yake muhuri.

Na mimi kuiomba nakala ya karatasi hiyo niende nayo kwingine, ungedhani nimemtukana mtu. "Humwamini daktari?" muuguzi wa pale aliniuliza, mbele ya watu. Nakala nilipewa baada ya siku, imekunjwa mara nne.

Tukiwa tunasubiri zamu ya mashine nilimpigia Idrisa.

"Idrisa, mama aliwahi kuanguka?"

"Dada, si nilishakwambia hajaanguka?"

Nilikuwa sijawahi kumuuliza.

"Lini uliniambia?"

Kimya. Nyuma yake nikasikia wapiga debe, honi, mtu akitangaza Korogwe.

"Uko stendi?"

"Nakuja huko," akasema. "Naja Dar. Dada, msimfanyie mama kitu chochote mpaka nifike." Akakata. Nilipopiga tena, simu haikupatikana.

Tulisubiri saa nyingi. Sitiskani yenyewe haichukui muda. Mama alilazwa, kitanda kikaingia kwenye duara la mashine, kikatoka. Alichukia kuvuliwa mtandio kuliko kitu kingine. Aliporudi alikuwa na usingizi wa ghafla. Tulimketisha kwenye kiti cha magurudumu, kidevu kikaangukia kifuani. Shangazi akamfunika kwa khanga yake.

"Amechoka na safari, wifi yangu," akasema. Nikataka kuamini.

Dokta alituita kwenye chumba chenye kompyuta. Hakuzunguka.

"Huu ni ubongo wa Mwalimu, tunautazama kutoka chini. Kushoto kwake ni huku, kulia kwa picha." Akaweka kalamu kwenye kioo. Kati ya mfupa na ubongo, upande ule wote, palikuwa na kitu chenye umbo la mwezi mwandamo, cheusi kidogo kuliko ubongo wenyewe. "Hii ni damu. Ya zamani. Damu mpya huonekana nyeupe humu. Ikikaa wiki kadhaa inageuka rangi. Na hapa chini, mnaona weupe kidogo?"

Tuliuona.

"Hiyo ni mpya. Inavuja tena."

Akatueleza kwa utulivu uleule. Mtu akizeeka ubongo hupungua kidogo, nafasi kati yake na fuvu inaongezeka, na vishipa vidogo vinavyokatiza pale vinavutika. Kishindo kidogo tu kinatosha kuchana kimoja. Mgonjwa anaamka, anafuta vumbi, anaendelea na shughuli zake. Damu inachuruzika kidogokidogo kwa wiki nyingi, inauegemea ubongo, na ndipo mkono wa upande wa pili unalegea, kandambili inavuka, hesabu zinakataa. Aspirini ndogo aliyokuwa akimeza kwa ajili ya moyo haikuanzisha jambo hili, lakini damu ikishaanza kuvuja, aspirini inaichelewesha kuganda.

"Na huu mstari wa katikati," kalamu ikasogea, "ungetakiwa kunyooka. Umesukumwa."

"Inatibika?" Nilijisikia nikiuliza.

"Inatibika. Wanatoboa tundu moja au mbili kwenye fuvu, damu inatolewa, ubongo unajirudia mahali pake. Wengi hurudi kuwa watu wao. Wanaofanya kazi hiyo wapo MOI, hapo Muhimbili, nimeshaongea nao, gari inakuja. Lakini watauliza swali hilohilo ninalokuuliza tangu asubuhi. Nahitaji kujua alijigonga lini na wapi, alipoteza fahamu au la, alitibiwa na nani, alipewa dawa gani."

"Aprili 20..." nikaanza.

"Aprili 20 ni siku hesabu ziliposhindwa. Kuanguka kulitangulia. Rudi nyuma wiki tatu, wiki sita, hata zaidi."

Mama alikuwa anakoroma sasa. Nilimtoa mkoba mapajani polepole na hakunizuia, jambo ambalo lingenishtua kama ningekuwa na akili ya kushtuka. Nikafungua kitabu. Machi 30, safi. Machi 23, safi. Machi 16, mistari miwili chini ya jumla. Machi 9...

Ukurasa wa Machi 9 haukuwa na mwandiko wa mama.

Ulikuwa wa msaidizi. Jumamosi moja tu, katikati ya kitabu, siku chache kabla ya mfungo. Pale pa kuandika waliohudhuria, jina la mama lilikuwa na neno *udhuru*. Mama ambaye alikwenda kikoba hata siku ya tatu ya msiba wa baba.

"Udhuru gani?" shangazi akauliza juu ya bega langu.

Kila kikoba kina mfuko wa jamii, na mfuko wa jamii huandikwa nyuma ya kitabu: misiba, kuzaa, kulazwa. Nikakigeuza. Sikuwahi kufikiria kuangalia nyuma. Kidole changu kikashuka na safu ya tarehe, msiba wa Februari, mtoto wa Februari, na hapo hapo chini yake:

*9/3/2024. Mwl. Zuhura. Jeraha la kichwa, nyuzi 4. Sh. 30,000. Amepokea kwa niaba yake:*

Na sahihi. Herufi ya kwanza kubwa, mkia umezungushwa mara mbili. Niliwahi kuicheka sahihi ile siku ya harusi yake.

"Idrisa," shangazi akanong'ona. "Salma, huyu si Idrisa?"

Dokta alikuwa ameshainuka. Alimwinamisha mama kichwa, akausogeza mtandio, akapitisha vidole kati ya mistari ya nywele zilizosukwa, juu ya sikio la kushoto. Akasimama sehemu moja. Akanionyesha: kovu jembamba, refu kama kucha, lililokwisha kupona vizuri na kufichwa vizuri na twende kilioni.

"Aliyemsuka mama anajua," akasema Dokta. "Na aliyepokea hela anajua."

Mlango ukafunguliwa bila kubishwa.

Idrisa alikuwa na vumbi la njia nzima, begi moja begani, na nyuma yake mwanamume aliyevaa kaunda suti ambaye sikuwahi kumwona, ameshika bahasha ya kaki.

"Nani kawapa ruhusa ya kumpiga mama picha za kichwa?" akasema, hakuamkia mtu. Kisha macho yake yakaona kitabu mikononi mwangu, na ukurasa uliofunguliwa.

Yule mwenye kaunda suti alitazama kompyuta, akamtazama mama, akaichomeka bahasha yake ndani ya koti taratibu. "Idrisa," akasema, "uliniambia mama alisaini akiwa na akili zake timamu."

"Kusaini nini?" nikauliza.

Hakuna aliyenijibu, kwa sababu mama alinyanyua kichwa. Macho yake yalizunguka chumba na kutua kwa Idrisa, na kwa mara ya kwanza tangu jana aliita jina la mtu bila kukosea.

"Idrisa mwanangu." Maneno yalitoka mazito, upande mmoja wa mdomo ukibaki nyuma. "Usimwambie dada yako... ile ngazi... aliyeishika alikuwa..."

Kichwa kikaanguka.

"Mwalimu!" Dokta alikuwa ameshapiga magoti, kidole kimoja kinainua kope la kushoto, kurunzi mkononi. Akalimulika jicho. Akalimulika la kulia. Akarudi la kushoto, na sauti ile isiyopanda wala kushuka ikapanda.

"Mboni ya kushoto imetanuka, haijibu mwanga. Sista, oksijeni! Gari ya MOI iko wapi?"

"Imekwama getini, Dokta," mtu akajibu kutoka korido. "Kuna gari limeegeshwa limeziba njia. Wanasema limetoka Tanga."

Itaendelea Jumamosi ijayo.